Tohara Mombasa: Kulinganisha Umri, Mikono na Njia Kabla ya Kuchagua

Katika nyumba nyingi za Mombasa, tohara ya mtoto wa kiume huwa imekwisha kukubaliwa kabla hajapewa jina. Kinachobaki ni kujua atatahiriwa akiwa na umri gani, mikononi mwa nani na kwa njia ipi. Bibi hutaka siku ya saba, baba hutaka likizo ya Desemba ili watoto wa nduguze watiwe kumbi pamoja, na mama huwa amesikia kwa jirani habari za pete isiyohitaji kushonwa. Kila mmoja huzungumzia jambo lake kana kwamba limesimama peke yake, ilhali mambo haya yamefungamana. Umri ndio unaoamua kama sindano ya ganzi itatosha au mtoto atahitaji kulazwa usingizi, usingizi ndio unaoamua mahali, na mahali ndipo panapoamua ni nani atakayepatikana saa nane za usiku damu ikianza kutoka tena. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na umri, ingawa wazazi wengi huanza na bei.

Yanayosemwa hapa yanahusu wanaume na watoto wa kiume pekee. Ukeketaji wa wasichana ni jambo jingine kabisa. Hauna faida yoyote ya kiafya, na nchini Kenya ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011.

Mchanga, mvulana au mtu mzima

Mtoto mchanga, kwa maana ya aliye ndani ya siku 60 za mwanzo, ndiye mwepesi zaidi kutahiriwa. Ngozi yake ni nyembamba, mishipa ni midogo, ganzi ya sindano humtosha, kwa kawaida hahitaji nyuzi, na kidonda chake hupona kwa siku 7 hadi 10. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba katika tafiti za watoto wachanga kiwango cha kati cha matatizo ya aina yoyote kilikuwa asilimia 1.5, na kwa watoto wakubwa zaidi waliotahiriwa na wahudumu wa afya kilikuwa takriban asilimia 6. Mengi kati ya matatizo hayo ni madogo, kama damu kidogo au uvimbe, lakini tofauti ya mara nne si ya kupuuzwa na mzazi anayetaka kusubiri hadi mtoto aanze shule.

Siku ya saba, hata hivyo, ina jambo lake ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mtoto huzaliwa akiwa na vitamini K kidogo sana, nayo ndiyo inayosaidia damu kuganda, na asiyepata sindano yake baada ya kuzaliwa huwa katika hatari ya kutokwa na damu hasa ndani ya wiki hiyo hiyo ya kwanza. Aliyezaliwa hospitalini kwa kawaida huwa amechomwa sindano hiyo pajani. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga huenda hakuipata, na huyo hafai kuguswa kabla haijatolewa. Vilevile mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo, mwenye umanjano au asiyenyonya vizuri anapaswa kuachwa kwanza. Familia zinazofuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa Pwani, huona tohara kuwa wajibu na siku ya saba kuwa bora, lakini wanazuoni wa madhehebu hiyo hiyo wameruhusu kuchelewesha mtoto akiwa dhaifu, kwa hiyo hakuna mvutano kati ya shehe na daktari katika hili. Akika inaweza kuchinjwa siku yake na tohara ikafanywa wiki tatu baadaye.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba kiungo cha mchanga ni kidogo sana, na kosa la milimita chache kwake ni kosa kubwa. Pia baadhi ya waliotahiriwa wakiwa na nepi huja kupata mkojo mwembamba kama uzi baadaye, kwa sababu tundu la mkojo lililokosa govi husuguliwa na unyevu wa nepi hadi likasinyaa. Tatizo hilo hutibika kwa upasuaji mdogo, nalo hutambuliwa mzazi akitazama mtoto anavyokojoa, si akitazama kovu.

Baada ya miezi miwili au mitatu hali hubadilika upesi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi wa miaka sita ana nguvu za kujirusha na hana akili ya kuambiwa atulie. Kumshika mikono na miguu watu watatu huku akilia ni jambo linaloonekana bado katika baadhi ya zahanati, na kwa maoni yangu ni njia mbaya kuliko zote zinazolinganishwa hapa, kwa sababu mkono wa mkataji hauwezi kuwa thabiti juu ya mtoto anayetapatapa. Umri huu unahitaji nusukaputi, yaani dawa ya kulazwa usingizi, na nusukaputi inahitaji hospitali yenye mtaalamu wake. Kama nafasi ya uchanga imepita na hakuna sababu ya kitabibu inayoharakisha, ni afadhali kusubiri hadi miaka minane au tisa, mtoto anapoweza kuelezwa na kukubali kulala tuli kwa ganzi. Mkumbuke pia kwamba govi la mtoto mdogo huwa limeshikana na kichwa cha uume kwa maumbile yake, na huachana lenyewe polepole. Kutovutika kwake katika umri huo si ugonjwa, na kulivuta kwa nguvu wakati wa kumwosha huleta makovu ambayo baadaye ndiyo yanayokuwa ugonjwa.

Mtu mzima huchagua kwa sababu zake mwenyewe: ndoa, kusilimu, govi lililobana, uvimbe unaorudi mara kwa mara, au kinga. Kuhusu kinga, majaribio matatu yaliyofanywa Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai nchini Uganda yalionyesha kati ya mwaka 2005 na 2007 kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Mwaka 2008 Kenya ilianza mpango wake wa tohara ya hiari, ukielekezwa zaidi Nyanza, kwa kuwa Pwani wanaume wengi walikuwa wamekwisha kutahiriwa kwa mila na dini. Asilimia 60 si 100, na mipira ya kondomu bado inahitajika. Mtu mzima mwenye kisukari anapaswa kupimwa sukari kabla ya kupangiwa siku, kwa kuwa sukari iliyo juu huchelewesha kidonda na hukaribisha usaha. Wakati mwingine govi lililobana na kuvimba kila mara ndilo dalili ya kwanza ya kisukari chenyewe, na daktari mzuri hupima hata mgonjwa asipotaja.

Ngariba, muuguzi anayekuja nyumbani, au hospitali

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu tohara katika wilaya ya Bungoma ulikuta matatizo kwa asilimia 35 ya vijana waliotahiriwa kimila, na kwa karibu asilimia 18 ya waliotahiriwa na wahudumu wa afya. Watu wengi huitaja namba ya kwanza na kuiacha ya pili. Mimi naona ya pili ndiyo yenye somo kwa mzazi wa mjini, maana inaonyesha kwamba kuingia mlango wa zahanati hakutoshi kama aliyeshika kisu hakufunzwa kazi hii au vifaa vyake havikuchemshwa inavyopasa.

Ngariba ana sifa zake. Anaijua familia, ameishika kazi kwa miaka mingi, huja mwenyewe nyumbani, na tohara yake huja pamoja na mafunzo, nyimbo na heshima ambazo wodi haiwezi kutoa. Anachokosa ni ganzi ya uhakika, vifaa vilivyotakaswa kwa kila mtoto, na uwezo wa kufunga mshipa unaovuja. Kisu kimoja kikipita watoto wanane wa ukoo mmoja, virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi vinaweza kupita nacho. Pepopunda nayo huingia kwa majivu na unga wa dawa unaopakwa kidondani.

Kati ya ngariba na hospitali amezuka mtu wa tatu ambaye mitaani anapendwa sana, naye ni muuguzi au tabibu anayeitwa nyumbani na mkoba wake. Yeye hutia ganzi, huleta vifaa safi, na familia hubaki na sherehe yake. Kwa mchanga mwenye afya au mvulana mtulivu, mpango huu unaweza kuwa mzuri ikiwa maswali matatu yana majibu: ana leseni inayotumika sasa, vifaa vyake vimetakaswa wapi na kila mtoto ana seti yake, na atakuja tena baada ya siku mbili kutazama kidonda? Anayejibu kwamba atapigiwa simu kukiwa na shida hajajibu swali la tatu. Zipo familia zinazofanya vizuri zaidi: huwapeleka watoto hospitalini asubuhi mapema, huwarudisha nyumbani adhuhuri, na jioni maulidi na pilau huendelea kama kawaida, watoto wakiwa wamekalishwa kwenye mikeka na vikoi vyao vipya.

Hospitali haiepukiki katika hali chache, na hapo hakuna cha kulinganisha. Mtoto ambaye tundu lake la mkojo liko chini ya uume badala ya nchani hatahiriwi popote mpaka amwone daktari mpasuaji, kwa sababu ngozi ya govi ndiyo itakayotumiwa kulitengeneza tundu hilo, na ikikatwa haipo tena. Ndivyo ilivyo pia kwa uume uliopinda au uliozama ndani ya mafuta ya kinena. Kuhusu damu, mzazi aulize upande wa mama: je, yupo mjomba, au babu mzaa mama, au mtoto wa khaloo, yaani dada wa mama, aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma alipong'olewa jino au alipotahiriwa? Himofilia, yaani ugonjwa wa damu isiyoganda, hupita kwa wanawake bila wao kuugua na kuwatokea watoto wao wa kiume, hivyo baba anaweza kuapa kwamba kwao hakuna ugonjwa huo na akawa mkweli, huku mtoto akiwa nao. Nimeona mashauri ya tohara yakifanywa na wanaume watupu, ami na babu, bila khaloo wala bibi mzaa mama kuulizwa. Ni heshima ya mila, lakini kwa swali hili moja wanawake ndio wenye jibu.

Baina ya hospitali za umma na za binafsi, tofauti kubwa ni foleni na bei, na bei hubadilika mara kwa mara kiasi kwamba kuitaja hapa hakutasaidia. Katika Hospitali Kuu ya Pwani na zile za kaunti, kama Tudor, Port Reitz na Likoni, ulizeni siku za tohara na kama malipo yanajumuisha kurudi kukaguliwa. Katika za binafsi, ulizeni kama bei iliyotajwa ina nusukaputi ndani yake au inaongezwa baadaye. Kadi ya bima nayo ionyeshwe kabla, kwa kuwa bima nyingi hutofautisha tohara ya ugonjwa na ya mila.

Kisu na uzi, au pete

Njia ya kisu ni ya zamani na ndiyo inayomfaa kila mtu. Kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 15, miongozo ya Shirika la Afya Duniani hupendelea ile ambayo govi hupasuliwa kwanza kwa juu, kichwa cha uume kikaonekana wazi, ndipo likakatwa kuzunguka. Njia nyingine, ya kulivuta govi mbele, kulibana kwa koleo na kulikata kwa mpigo mmoja, ni ya haraka na kwa mtu mzima hufanya kazi vizuri, lakini kwa mtoto mkataji haoni kilicho nyuma ya koleo, na vipo visa ambavyo ncha ya kichwa ilikatwa pamoja na govi. Mzazi ana haki ya kuuliza ni ipi itakayotumika. Jambo jingine la umri huo ni mshono wa chini, mahali govi linapoungana na kichwa: kwa mtoto, njia ya mkojo iko karibu sana na ngozi, na uzi uliopita ndani mno unaweza kuacha tundu ambalo mkojo huvuja kupitia humo wiki chache baadaye. Mkojo ukionekana kutoka mahali pawili, msisubiri kidonda kikauke, mrudisheni.

Kazi ya kisu huchukua dakika 20 hadi 30, nyuzi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, na hakuna kifaa kinachobaki mwilini. Siku tatu za kwanza ndizo zenye maumivu, kisha hupungua.

Pete hufanya kinyume cha hayo. Kwa mchanga na mtoto mdogo hutumika zaidi Plastibell, kipete cha plastiki kinachoingizwa chini ya govi na kufungwa kwa uzi. Ngozi iliyozidi hukatwa, na iliyobanwa hukauka na kuanguka pamoja na kipete, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10. Kwa vijana na watu wazima ipo ShangRing, iliyotengenezwa China na kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Hii ni pete mbili zinazobana govi katikati yake, govi likakatwa siku hiyo hiyo, na pete kuondolewa na mhudumu baada ya siku 7. Kuivaa huchukua chini ya dakika 10 na hakuna kushonwa. Ilitangulia PrePex, iliyoidhinishwa mwaka 2013, ambayo iliacha govi lililokufa likining'inia wiki nzima. Visa vya pepopunda viliporipotiwa, Shirika likaagiza chanjo itolewe kabla ya kifaa cha aina hiyo kutumiwa. Anayeambiwa leo kwamba atavishwa kitu na ngozi itajiangukia yenyewe aulize kama ni mtindo huo, na aulize juu ya chanjo.

Faida ya pete ni damu kidogo na mstari wa kovu ulionyooka. Hasara yake ni kwamba maumivu hayaishi siku ya tatu: mtu hulala na kuamka nayo, uume ukisimama usiku hubanwa, na siku ya kuitoa ina uchungu wake mfupi. Kidonda chake pia huchukua siku kadhaa zaidi kupona kuliko kilichoshonwa, kwa kuwa kingo zake hazikuunganishwa. Kwa mchanga, hatari ya kutazamwa ni kipete kuteleza nyuma na kuukaba uume. Kichwa kikivimba na kubadilika rangi, au kipete kisipoanguka baada ya siku 10, ni safari ya hospitali siku ile ile, bila kukivuta. Kwa maoni yangu uamuzi hapa ni rahisi kuliko unavyofanywa kuwa: asiyeweza kuahidi kurudi siku ya saba asichague pete. Baharia anayesafiri, dereva wa lori la Malaba, mgeni aliyekuja Mombasa kwa harusi, hao wote wanafaa kisu na uzi.

Zipo pia bastola za kushona kwa pini ndogo zinazodondoka zenyewe, na matangazo ya “leza”. Kuhusu leza niseme jambo moja tu: katika nchi kadhaa, jina hilo limetumiwa kuuza kifaa cha waya unaokata kwa joto, ambacho kimewahi kuunguza watoto. Umeme wa kuziba mishipa una nafasi yake mikononi mwa mpasuaji anayeujua, lakini haupaswi kamwe kugusishwa koleo la chuma lililoubana uume.

Ganzi au nusukaputi

Ganzi huwekwa kwa sindano kwenye shina la uume, hushika ndani ya dakika chache na hudumu saa moja au mbili. Kipimo chake hutegemea uzito, kwa kawaida kisichozidi miligramu 3 za lignokaini kwa kila kilo, hivyo mtoto ambaye hakupandishwa kwenye mizani kabla ya kudungwa amekadiriwa kwa macho, na kukadiria si kupima. Ganzi iliyochanganywa na adrenalini haitumiki katika kiungo hiki. Mgonjwa huenda nyumbani baada ya nusu saa ya kuangaliwa, na parasetamoli inapaswa kutolewa kabla ganzi haijaisha. Aspirini isitumiwe, kwa sababu huongeza kutoka damu na haifai kwa watoto.

Nusukaputi humwondolea mtoto hofu yote na humpa mpasuaji utulivu, na kwa mtoto wa miaka minne naipendelea bila kusita. Gharama yake ni zaidi ya fedha. Mtoto hufunga chakula saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 na maji saa 2, isipokuwa hospitali ielekeze vingine, na mzazi aliyempa chai na mahamri alfajiri kwa huruma amwambie daktari ukweli, kwa kuwa tumbo lenye chakula linaweza kutapika hadi mapafuni. Mafua yenye kikohozi na homa huahirisha shughuli. Mtu mzima haihitaji ila mara chache.

Nyumbani, kwa hali ya hewa ya hapa

Bandeji huondolewa baada ya saa 48, ikilowekwa kwanza kwa maji ya vuguvugu ikiwa imegandana. Baada ya hapo kidonda cha aliyeshonwa huoshwa kwa maji safi mara mbili kwa siku na kukaushwa kwa kugusa, bila kusugua. Joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hutoa jasho linalolowesha kinena siku nzima, na hapo ndipo likizo ya Desemba inapozidiwa na ya Agosti, ambapo kusi huvuma na usiku ni wa baridi kiasi. Ya Agosti ni fupi, lakini wiki mbili zinazohitajika na mvulana zinaenea. Bahari isiingiwe mpaka kidonda kifunge kabisa, hata kama babu husema maji ya chumvi ni dawa. Maji ya ufuo wa mji hayana chumvi peke yake.

Mchanga hupakwa mafuta ya mgando kila anapobadilishwa nepi ili kidonda kisishike. Utandu wa rangi ya manjano utakaoonekana juu ya kichwa cha uume kuanzia siku ya pili ni sehemu ya kupona na haupaswi kufutwa, ingawa wazazi wengi hudhani ni usaha. Usaha hunuka, na ngozi inayouzunguka huwa nyekundu na moto. Mvulana hufaa kikoi au kanzu bila chupi, na shuka likiinuliwa lisimguse usiku. Mtu mzima hufaa kinyume chake, yaani chupi ya kushika, uume ukielekezwa juu kuelekea kitovuni, kwa sababu kuning'inia huongeza uvimbe. Kusimama kwa uume usingizini humtesa wiki ya kwanza. Kukojoa kabla ya kulala na kuamka kutembea kidogo husaidia. Majivu, dawa ya meno, unga wa vidonge na spiriti visipakwe kwa yeyote.

Kurudi nyumbani kuwe kwa tuktuk au teksi. Bodaboda ikae wiki mbili, baiskeli na mpira wiki tatu au nne. Wa ofisini hurudi kazini baada ya siku mbili au tatu; mbeba mizigo wa bandarini au sokoni Kongowea aombe wiki nzima na zaidi. Kuhusu istinja na udhu wakati bandeji ingalipo, dini ina ruhusa zake kwa mgonjwa, na imamu wa mtaa ataeleza.

Damu ikitoka, bonyezeni kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Ikiendelea, au mtoto asipokojoa nusu siku nzima, au akipata homa, au kichwa cha uume kikiwa cheusi, hapana kungoja kuche. Familia za ng'ambo ya kivuko zipange mapema: aliyetahiriwa kisiwani akiishi Likoni au Mtongwe ajue ni kituo gani cha upande wake kilicho wazi usiku, asije akajikuta kwenye foleni ya feri na mtoto anayevuja damu. Ukaguzi wa kawaida ni siku ya pili na ya saba.

Mtu mzima ana ukaguzi wa ziada wiki ya sita, na mpaka hapo hakuna kujamiiana wala kupiga punyeto. Ngozi huonekana imefunga kufikia wiki ya tatu, na wengi huvunja sharti hapo, lakini chini yake kovu bado ni dhaifu na mpasuko mdogo unaweza kupitisha virusi kwenda na kurudi kwa urahisi kuliko kabla ya tohara. Mke aelezwe hesabu hii kabla ya upasuaji, na mhudumu akikuta wiki ya sita sehemu ambayo bado ni mbichi, muda wa kungoja huongezwa.